Nimetoa pauni 20,000 kwenye pensheni, mkononi zimefika 14,871

BARUA

Washauri, salaam.

Mimi ni muuguzi mstaafu, umri wangu miaka 67, naishi Leicester na mume wangu. Kwetu ni Tanga, ila kazi nimeifanya Uingereza miaka thelathini. Nina pensheni tatu, na hakuna hata moja ninayoelewa inavyokatwa kodi.

Ya kwanza ni ya serikali, State Pension. Inaingia £848 kila baada ya wiki nne, nzima, haiguswi. Ya pili ni ya NHS, huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, £600 kwa mwezi, lakini benki naona £505 na senti kadhaa. Karatasi ya malipo inasema msimbo wangu wa kodi ni 154L. Mwenzangu tuliyestaafu pamoja, mwenye miaka 64, ana pensheni ya NHS inayokaribiana kabisa na yangu, na yeye hakatwi kitu. Yake imeandikwa 1257L.

Ya tatu ndiyo inayoniumiza kichwa. Miaka ya mwisho nilifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, nikawekewa mfuko binafsi wa pensheni uliofikia £48,000. Septemba 2025 niliomba £20,000 za kuezekea nyumba yetu Tanga. Nilijua robo haina kodi, kwa hiyo nikapiga hesabu: £15,000 kwa asilimia 20 ni £3,000, nitapata £17,000. Zikaingia £14,871.80. Nilipowapigia wenye mfuko walisema wametumia msimbo 1257L M1, mengine niwaulize watu wa kodi. Fundi ameshashusha mbao, ananidai.

Mume wangu ana miaka 74. Aliacha kazi 2019 na anapata State Pension peke yake, £176 kwa wiki.

Naomba mnieleze. Pesa zangu zimepotea? Nikitoa £28,000 zilizobaki sasa hivi, kabla ya Aprili, ili tumalize ujenzi, nitakatwa tena vile vile? Na tukihamia Tanga moja kwa moja, kodi hii itatufuata? Mtu umechangia miaka thelathini, halafu bado unakatwa uzeeni!

Muuguzi Mstaafu, Leicester

JIBU

Mama, shikamoo.

Pesa hazijapotea. Kwa hesabu ulizotupa, umekatwa £2,128.20 zaidi ya unazostahili kulipa mwaka huu wa kodi, yaani ule ulioanza 6 Aprili 2025 na utakaoisha 5 Aprili 2026. Tena kuna £1,260 nyingine ambazo hukuziuliza, na sehemu yake ina tarehe ya mwisho, kwa hiyo usiruke aya inayomhusu mzee.

Tuanze na ile ya NHS, maana ukiielewa hiyo nyingine zinafuata. Uingereza, mtu anaruhusiwa kupata £12,570 kwa mwaka bila kodi ya mapato. Ni kiwango kimoja kwa mtu mmoja, hata kama ana pensheni tano. Kichukulie kama kibaba. State Pension yako ndiyo inayomiminwa kwanza: £848 mara 13 ni £11,024. Kibaba kimebakiza nafasi ya £1,546 tu. Ndipo inapomiminwa ya NHS, £7,200 kwa mwaka. £1,546 zinaenea, £5,654 zinamwagika nje, na kilichomwagika kinatozwa asilimia 20, yaani £1,130.80 kwa mwaka, au £94 na kidogo kwa mwezi. Hizo ndizo £94 usizoziona benki. Na msimbo 154L si fumbo: ni ile £1,546 iliyoondolewa tarakimu ya mwisho.

Kwa hiyo State Pension inahesabiwa kodi sawasawa na nyingine. Haikatwi kwa sababu wanaoilipa hawana utaratibu wa kukata kodi mlangoni mwao, basi kodi yake inadaiwa kupitia ile ya NHS. Wengi wanaona pensheni moja "inaonewa" na nyingine inaachwa, kumbe moja inabeba mzigo wa mbili. Mwenzako wa miaka 64 hajafikia umri wa State Pension, ambao mwaka huu wa kodi ni 66, kwa hiyo kibaba chake chote anakitumia kwa NHS. Akianza kulipwa ya serikali, msimbo wake utashuka kama wako. Mwambie mapema asije akashtuka.

Kuhusu kukatwa uzeeni baada ya kuchangia: michango yako ya NHS ilikuwa ikitolewa kwenye mshahara kabla kodi haijapigwa. Serikali ilikusamehe wakati wa kuweka, inadai wakati wa kutoa. Ile robo isiyotozwa ya mfuko binafsi ndiyo msamaha wa moja kwa moja, kuingia na kutoka. National Insurance, mchango wa bima ya taifa, nayo haikatwi kwenye pensheni yoyote, ukiiona imekatwa piga simu siku hiyo hiyo.

Sasa zile £20,000. Robo, £5,000, imetoka bila kodi kama ulivyojua. Tatizo limekuja kwenye £15,000. Wenye mfuko walikuwa hawajawahi kukulipa, hawakuwa na msimbo wako kutoka HMRC, mamlaka ya kodi, na sheria inawataka katika hali hiyo watumie msimbo wa dharura. Alama ya kuitazama ni hiyo M1 mwishoni. Maana yake ni: chukulia malipo haya ni ya mwezi mmoja, na kila mwezi atalipwa hivi hivi. Kwa macho ya kompyuta ukawa mtu wa kulipwa £180,000 kwa mwaka. Ukapewa moja ya kumi na mbili ya kila daraja la kodi: £1,048 za kwanza bure, £3,141 zikatozwa asilimia 20, £7,287 zikatozwa asilimia 40, na zilizosalia, kama £3,523, zikatozwa asilimia 45. Jumla £5,128.20. Toa hizo kwenye £20,000 unapata £14,871.80, mpaka senti.

Hesabu yako ya £3,000 ilikuwa sahihi. Mapato yako ya mwaka yanayotozwa ni £11,024, £7,200 na £15,000, jumla £33,224. Toa £12,570, inabaki £20,654. Asilimia 20 yake ni £4,130.80. Wewe umekatwa £1,130.80 kupitia NHS na £5,128.20 kupitia mfuko, jumla £6,259. Tofauti ndiyo £2,128.20 unayodai.

Unaweza kukaa kimya na HMRC watagundua wenyewe mwaka ukishafungwa, ila barua zao za marekebisho huanza kutoka Juni, na fundi wa Tanga hangoji Juni. Dai sasa kwa fomu P55. Hiyo ndiyo yako kwa sababu umetoa sehemu tu na mfuko una salio. (Aliyeukausha mfuko wote na ana mapato mengine anatumia P53Z, aliyeukausha na hana mapato mengine anatumia P50Z. Ukijaza isiyo yako inarudishwa na umepoteza wiki kadhaa.) Inapatikana GOV.UK, unaijaza mtandaoni au unaichapa na kuituma kwa posta. Lengo lao ni kulipa ndani ya siku 30.

Kaa mezani na vitu vitatu: namba yako ya National Insurance, karatasi ya malipo ya Septemba kutoka kwenye mfuko, na karatasi ya karibuni ya NHS. Kwenye ile ya Septemba utaona jina la mlipaji, namba yake ya PAYE, yaani utaratibu wa kukata kodi kwenye malipo (tarakimu tatu, mkwaju, kisha herufi na tarakimu) na kodi iliyokatwa.

Watu hujikwaa sehemu mbili. Ya kwanza, wanaandika £20,000 kama malipo yanayotozwa. Sivyo, andika £15,000, ile robo haimo. Ya pili ni State Pension. Fomu inataka ya mwaka mzima, na mtu anaona £848, anazidisha kwa 12 kama mshahara wa mwezi, anapata £10,176. Wiki nne si mwezi. Mwaka una malipo 13, na kodi ya hiyo £848 uliyoisahau itakuja kudaiwa baadaye, kwa kuwa umelipwa marejesho kupita kiasi. Andika £11,024. Pensheni ya NHS andika kabla ya makato, £7,200, si kile kinachofika benki.

Fomu hiyo pia inakutaka uwe huna mpango wa kuchukua malipo mengine kwenye mfuko huo kabla ya 5 Aprili. Kwa hiyo ukishaituma, usiuguse mfuko.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye £28,000 zako. Usizitoe sasa. Robo yake ni £7,000, zinazotozwa ni £21,000. Ukizijumlisha na £33,224 za mwaka huu unafika £54,224, na asilimia 20 inaishia £50,270. Zile £3,954 zilizovuka zingetozwa asilimia 40, yaani ungelipa £790.80 zaidi kwa kukosa subira ya wiki chache, tena bila kuhesabu kero ya msimbo wa dharura. Ukizitoa 6 Aprili 2026 au baadaye, ni mwaka mpya wa kodi, zote zinabaki kwenye asilimia 20.

Lakini tungekuuliza kwanza: fundi anadai kiasi gani hasa? Kama ni £7,000 au pungufu, huna haja ya kulipa kodi hata pauni moja. Waambie wenye mfuko, baada ya Aprili, kwamba unataka sehemu isiyotozwa peke yake, na £21,000 zibaki kwenye akaunti ya kutoa kidogo kidogo. Wao wanaiita drawdown. Ulichofanya Septemba ni kutoa kipande ambacho robo yake tu ndiyo haina kodi. Hata siku ile ungeweza kuchukua robo ya mfuko mzima, £12,000, bila makato yoyote, na zinazotozwa ukaziacha zipumzike. Si kila kampuni inatoa njia hiyo kwa mifuko ya zamani, na nyingine zina ada, hivyo uliza mambo mawili kabla hujasaini: mnatoa huduma hii kwa mkataba wangu? Ada yake ni kiasi gani kwa mwaka? Wakikosa, unaweza kuhamishia mfuko kwingine. Pensheni Wise, huduma ya bure ya serikali ya Uingereza kwa waliofikisha miaka 50 (kwa Kiingereza inaandikwa Pension Wise), itakaa nawe kwa simu karibu saa nzima kulizungumzia hilo, wala haikuuzii kitu.

Ukiamua kutoa zinazotozwa, kabla ya kuomba kiasi kikubwa waulize wameshika msimbo gani wa kodi kwa jina lako. Wakisema BR, vizuri: maana yake asilimia 20 moja kwa moja, na hiyo ndiyo inayokufaa kwa kuwa kibaba chako kimekwisha kwingine. Wakisema chochote chenye M1, omba kwanza £100 tu. Malipo hayo madogo yataripotiwa HMRC, watawatumia msimbo halisi, kisha ndipo uombe zilizobaki. Ni ujanja mdogo unaookoa maelfu ya pauni kukaa kwa watu wengine miezi mitatu.

Jambo jingine la kuchungulia wiki hii ni akaunti yako ya kodi mtandaoni, GOV.UK. Baada ya mtu kutoa mkupuo, hutokea mfumo ukakadiria kwamba utaendelea kulipwa vile vile, na makadirio hayo yakaanza kuvuruga msimbo wa pensheni nyingine. Ukikuta kwenye mstari wa mfuko huo kiasi cha mwaka kinachozidi £15,000, kibadilishe mwenyewe hapo hapo. Hadi sasa 154L yako inaonyesha hakijaharibika kitu.

Tumgeukie mzee. £176 kwa wiki ni £9,152 kwa mwaka. Kibaba chake hakijai, na kuna unafuu unaoitwa Marriage Allowance unaomruhusu mwenzi wa kipato kidogo kumkabidhi mwenzake £1,260 za kiwango chake, ilimradi anayepokea halipi zaidi ya asilimia 20. Yeye atabaki na £11,310, bado ziko juu ya mapato yake, hatadaiwa chochote. Wewe utaokoa £252 kwa mwaka. Anayeomba ni yeye, si wewe: hapo ndipo maombi mengi hukwama, mke anajaza kwa jina lake kwa sababu ndiye anayekatwa kodi. Mketishe mzee, tumieni namba zenu zote mbili za National Insurance na kitambulisho chake.

Unafuu huo unadaiwa hadi miaka minne nyuma. Kama mwaka 2021 mlikuwa mmeoana, wewe ukiwa kwenye asilimia 20 na yeye akiwa na State Pension pekee, mnadai 2021/22, 2022/23, 2023/24 na 2024/25, £252 kila mwaka, jumla £1,008, pamoja na £252 za mwaka huu. Ndizo zile £1,260 tulizozitaja mwanzoni. Ila 5 Aprili 2026 ikipita, mwaka 2021/22 umefungwa na £252 zake zimekwenda. Ya miaka ya nyuma inalipwa taslimu, ya mwaka huu inaingizwa kwenye msimbo wako.

Wakati mnasubiri, mtapata ujumbe wa simu unaosema mna marejesho ya kodi, bonyeza hapa. Futeni. HMRC hawaombi taarifa za benki kwa ujumbe wa simu. Na zile kampuni zinazojitangaza kukudai marejesho kwa niaba yako hukata sehemu nene ya pesa kwa kujaza fomu ambayo wewe utaimaliza kabla chai haijapoa.

Kuhusu Tanga. Ndiyo, kodi itawafuata. Uingereza na Tanzania hazina mkataba wa kuepusha kutozwa kodi mara mbili, kwa hiyo pensheni zinazotoka Uingereza zinaendelea kutozwa kodi ya Uingereza. Kama mna uraia wa Uingereza, kibaba cha £12,570 mnaondoka nacho. Mkihama jazeni fomu P85 kuwaarifu HMRC.

Lakini kodi si ndiyo itakayowauma zaidi. State Pension ya anayeishi Tanzania haipandi. Kenya na Uganda ni hivyo hivyo. Kiwango utakachohama nacho ndicho utakacholipwa mwaka hadi mwaka, wakati waliobaki Leicester wanaongezewa kila Aprili. Nyongeza ya Aprili 2026 ni asilimia 4.8. Mkiwa na nia ya kuhama mwaka huu, angalau hameni baada ya nyongeza kuingia, si kabla.

Nyongeza hiyo nayo ina makucha. £212 zako kwa wiki zitakuwa £222 na kidogo, takriban £11,553 kwa mwaka, lakini kibaba kimebaki £12,570 tangu Aprili 2021 na kimepangwa kubaki hapo hadi 2031. Mtu mwenye State Pension kamili atapata £241.30 kwa wiki, yaani £12,547.60: amebakiza £22.40 tu kabla ya kodi kuanza, hata kama hana senti nyingine. Kwako, nafasi itakayobaki kwa ajili ya NHS itashuka hadi £1,017. Ongeza £1,260 za mzee, inakuwa £2,277. Barua ya msimbo mpya ikifika kabla ya Aprili, tafuta kitu kinachokaribia 227M (M ni alama ya aliyepokea Marriage Allowance). Ukikuta 101L, ujue ombi la mzee halijaingia; rudini mkalifuatilie kabla ya tarehe 5.